Uliza Fundi: Trela ya boti itafika Turkana?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mie niko Muyeye hapa hapa Malindi, nna Land Cruiser pikapu ya zamani, HZJ75, injini 1HZ, tangi lake lita 90. Mwezi wa nane nataka nichukue mama watoto na vijana wawili tupande mpaka Loiyangalani tukaone Ziwa Turkana, tupitie Mombasa, Nairobi, Isiolo, halafu tukunje Laisamis. Trela sina ila shemeji kanipa ile alokuwa akishushia boti baharini, ilikuwa imekaa tu, nshaipiga rangi inapendeza kweli. Nimenunua mitungi kumi ya diseli ya lita 20, hema la juu ya keria, friji, na winchi naifikiria. Swali langu, injini niifanye nini? Kuna mtu kaniambia nieke taabo (turbo, ile ya kusukumia injini hewa zaidi), ati 1HZ haina nguvu ya kuvuta.
– Msomaji wa Muyeye

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno beringi, sikuliona, nimeona rangi.

Injini wachana nayo. 1HZ ni 4.2 ya silinda sita, Toyota waliitoa 1990 bila taabo, na upole wake ndo umeiweka barabarani miaka yote hii, sasa wewe ukiiongezea joto la taabo halafu ukaipeleka kwenye jua la kaskazini na trela nyuma, huyo alokushauri hatakuwepo siku hio. Mwaga oili, badilisha filta zote, za diseli beba mbili za ziada, minya hosi za rejeta moja moja kwa vidole, ile inayolia kama karatasi kavu itoe. Na timing belti, kama hujui ilibadilishwa lini basi badilisha sasa, usiniulize ikiwa bado nzima. Hapo injini tumemaliza.

Sasa trela. Hii ya shemeji yako imefanya kazi mbaya kuliko trela zote duniani. Fikiria, inatoka mjini inavuta boti, habu (kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani) zimepata moto, inafika ufukweni inasukumwa kinyumenyume mpaka ndani ya maji. Ile hewa ya moto iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inajivuta, na inavuta maji ya chumvi yapite kwenye oili sili, ile ringi ya mpira ya kuzuia grisi, yaingie kwenye beringi. Halafu boti imeshashuka, trela inaegeshwa chini ya mkungu miezi mitatu. Humo ndani chumvi inakula polepole na nje umepaka rangi.

Kwa hivo kabla hujanunua kitu kingine, inua trela kwa jeki, toa kofia ya habu, chomoa spilit pin, ile pini inayozuia nati isilegee, toa nati, vuta habu. Angalia grisi. Grisi nzima ina rangi yake na inateleza. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Futa beringi kwa diseli na kitambaa, halafu pitisha ukucha juu ya ile ringi inayokaa ndani ya habu, ukisikia hata kishimo kidogo kama cha sindano, hio seti imekwisha, beringi mbili na ringi zake na sili, pande zote mbili, usifanye upande mmoja ati huu mwingine bado.

Kupaka grisi nako watu wanakosea, wanapaka kwa nje kama siagi ya mkate. Weka donge la grisi kwenye kiganja, chukua beringi uigandamize ukingo wake kwenye hio grisi, tena na tena ukiizungusha, mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya zile rola. Ukirudisha, kaza nati huku unazungusha gurudumu mpaka uhisi linakuwa zito, halafu legeza, halafu kaza tena kwa vidole tu, tia spilit pin mpya. Ile ya zamani tupa, ni shilingi ngapi kwani.

Mie nakwambia haya sababu nshalala njia ya Garsen kwa ajili ya beringi. Nilikuwa nimebeba simiti kupeleka Witu, sijafika Minjila nikasikia harufu kama samli iloungua, nikadhani ni shamba la mtu linachomwa, nikaendelea. Kusimama, habu ya kushoto huwezi kuigusa na ekseli imegeuka rangi ya buluu. Beringi ya akiba nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya namba nyengine. Usiku mbili tukisubiri basi lilete kitu cha ukubwa wa kikombe cha kahawa. Tangu hapo namba za beringi na za oili sili naziandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha boksi la trela, na wewe fanya hivo, na seti nzima ya akiba iwe kwenye gari.

Baada ya habu chukua nyundo ndogo upige fremu yote taratibu, sana chini na kwenye maungio. Mabomba ya trela za boti huoza kwa ndani, juu unaona kizima. Chuma kizima kinalia, kilooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Ukisikia hio sauti sehemu zaidi ya mbili tatu, mrudishie shemeji na asante nyingi, uchonge nyengine. Na ikiwa ni bomba la zinki, mwambie wa kuchomelea asugue ile zinki kwanza na afanyie kazi nje penye upepo, moshi wake unalaza mtu na homa.

Magurudumu. Trela za boti nyingi zina vigurudumu vya gari dogo, hivo vikiingia kwenye mawe ni taabu. Weka habu za nati sita kama za gari lako ili tairi za 7.50R16 ziwe moja, akiba mbili zinakaa popote, na upana kati ya magurudumu ulingane na wa gari, trela ipite kwenye njia gari ishaipasua. Kutoka Laisamis mpaka Sarima ni kilomita 208 na hio barabara ilitengenezwa upya na ule mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulioko huko Sarima, sababu ilibidi wapitishe mitambo 365, kwa hivo inapitika, lakini ukiiacha kuelekea ziwani unakutana na mawe meusi ya volkano yanayokata tairi ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibwi na utambi. Punguza upepo wa tairi, kwenye kokoto psi 28 mpaka 30, kwenye mchanga mzito 18, na trela pia, watu wanasahau trela. Halafu mwendo uwe wa mzee anakwenda msikitini. Pampu ya umeme ya betri ni lazima, hio nunua badala ya winchi.

Mitungi kumi sasa. Lita 200 za diseli ni kilo 168 hivi, ongeza chuma cha mitungi umepita 200, na hujaweka maji, na maji lita moja ni kilo moja hayana huruma. Hebu tupige hesabu. Ukijaza Isiolo, kwenda na kurudi ni kama kilomita 850, na trela njia mbovu shika kilomita 6 kwa lita, ni lita 140 na kidogo. Tangi 90, mitungi minne 80, unabaki na akiba. Mitungi sita uza. Maji usipunguze, watu wanne lita 5 kila mmoja kwa siku, na ya ziwa usitegemee, yana magadi.

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, kidogo kwa mbele, mtungo wa mbele, ule mkono unaofungwa kwenye gari, ubebe kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela. Ukijaza nyuma trela inaanza kucheza mkia na gari inafuata. Hema la juu ya keria mie silipendi, uzito wote unakuwa juu na Loiyangalani upepo wake usiku unaweza kukunyima usingizi, hema la chini nyuma ya gari limefungwa vizuri linatosha. Lakini gari ni lako.

Waya za taa fungua soketi uone, shaba ikiwa kijani kata mpaka ufike penye kung'aa. Cheni za usalama mbili, zipishane chini ya mtungo. Trela iwe na namba yake, ile inayoanza na Z, na bima, na vile vipembetatu viwili vya onyo, barabara ya Mombasa mpaka Nairobi utasimamishwa tu.

Ukimaliza pakia kila kitu kama unaondoka, nenda Marafa urudi kwa Mambrui. Kila kilomita 20 simama, weka kiganja kwenye habu moja moja. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, beringi umekaza sana au breki inashika, na afadhali ujulie Gongoni.

SWALI: Fundi shikamoo. Mie ni wa Lamu mjini, gari nalilaza Mokowe sababu huku kwetu ni punda tu na boti. Kuna wakati miezi mitatu siligusi, nikilihitaji kusafiri betri imekufa na magurudumu ya nyuma hayazunguki. Nifanye nini?
– Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba. Magurudumu ni hendibreki. Ukiliacha limevutwa, hewa ya pale jeti imejaa chumvi, viatu vya breki vinashikana na drami kwa kutu. Weka gia, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, hendibreki achilia. Betri toa waya wa hasi, ni kazi ya dakika mbili tu. Tangi la diseli liache limejaa, likiwa nusu ile hewa juu inatoa jasho usiku na maji yanashuka chini, halafu unalaumu pampu. Chasisi ioshe kwa maji ya tamu kabla ya kuliacha, si baada ya kurudi. Oili chafu ya injini wanayopulizia chini, sawa kwenye chuma, lakini mwambie kijana asiguse bushi za mpira wala breki. Na kama kuna mtu unamuamini pale Mokowe mpe ufunguo, kila wiki mbili alitembeze mpaka Hindi na kurudi.