Jibu: Picha za karatasi za zamani ziwe maandishi ya Word

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: una picha za JPG za kumbukumbu za mikutano ya chama chenu cha akiba, zilizopigwa taipu zamani, na ukizibandika kwenye Word zinabaki picha tu, huwezi kurekebisha hata nukta.

Kwanza fungua picha moja uikuze. Kama wewe mwenyewe unahangaika kutofautisha "rn" na "m", kompyuta nayo itahangaika. Piga upya mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa bapa, au uskani kwa dpi 300 (yaani vitone 300 kwa kila inchi). Mimi nilipoteza siku nzima hapa Kampala na picha zenye kivuli cha simu yangu mwenyewe!

Zikiwa safi, zipandishe Google Drive (hifadhi ya mtandaoni ya Google) kwa kompyuta, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuifungua kwa Google Docs, programu yao ya kuandikia. Picha itakaa juu, na maandishi yaliyosomwa kutoka kwenye picha hiyo chini yake, tayari kurekebishwa. Kisha pakua kama faili ya Word. Google wanashauri faili isizidi MB 2, na picha iliyolala ubavu igeuzwe kwanza.

Majedwali yatavurugika, yangu niliyachora upya. Tarakimu zihakiki moja moja: sifuri ilinigeukia herufi O, na kwenye deni la shilingi 150,000 hilo si mchezo. Maandishi ya kalamu yaliyokuwa pembeni mwa karatasi sikufanikiwa kabisa, nikaishia kuyachapa kwa mkono. Jaribu ukurasa mmoja kabla hujapandisha kurasa zote, bando lisikuishie njiani.