Gazeti la Wanafunzi Limezolewa Mezani

SWALI: Salamu, Mhariri. Ninahariri gazeti la wanafunzi katika chuo kikuu cha binafsi jijini Nairobi. Toleo lililohoji nyongeza ya karo lilizolewa mezani kabla ya saa nne asubuhi. Je, Katiba inatulinda?

JIBU: Inawalinda. Nchini Marekani, Katiba huibana serikali tu katika jambo hili, ndiyo maana jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1992 kuwakinga wanafunzi wa vyuo binafsi visivyo vya kidini. Ilhali Kifungu cha 20 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawafunga watu wote, si vyombo vya Dola pekee, na cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Ugumu (nao si mdogo) ni iwapo chuo ndicho kinachomlipa mchapaji, kwani kitadai kuwa ndicho mwenye gazeti. Kwanza, ombeni sababu kwa maandishi.