Paka mkubwa, nyumba isiyonuka: kuchagua na kutunza choo chake

Mkojo wa paka aliyehasiwa, ukiwa ndio kwanza umetoka, hauna harufu ya kukera. Uvundo unaofika hadi sebuleni huja baadaye. Ndani ya mkojo mna urea, na bakteria wanaoishi kwenye mchanga wa choo na kwenye mikwaruzo ya sanduku lake la plastiki huivunja urea hiyo kuwa amonia. Kadiri mkojo unavyokaa ukiwa majimaji, na kadiri chumba kinavyokuwa na joto, ndivyo amonia inavyozidi. Kwa hiyo choo kisichonuka kinatakiwa kufanya mambo mawili: kuunasa mkojo kabla haujafika chini, na kusafishika upesi. Mifuniko, vichujio vya mkaa na mchanga wa manukato vinafuata mbali nyuma, na kwa paka mkubwa baadhi yake vinaongeza matatizo.

Dume la Maine Coon, aina ya paka wakubwa wenye manyoya marefu, hufika kilo 6 hadi 8, na wapo wanaozidi. Aina nyingine mbili, Norwegian Forest na Ragdoll, haziko mbali. Hata paka wetu wa kawaida, dume aliyehasiwa na anayelishwa vizuri, anaweza kugonga kilo 6. Paka mwenye afya hukojoa kiasi cha mililita 20 hadi 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, kutegemea chakula anachokula, maana yake paka wa kilo 8 anaweza kutoa hadi chupa ndogo nzima ya soda kila siku. Trei ya sentimita 40 inayouzwa dukani haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Mpime paka kwanza, ndipo ununue

Chukua futikamba, mpime akiwa amesimama kuanzia puani hadi shina la mkia, kisha zidisha kwa moja na nusu. Huo ndio urefu wa chini wa sanduku. Paka wa sentimita 50 anahitaji sanduku la sentimita 75, na upana usiopungua 45. Anahitaji nafasi ya kujizungusha, kuchimba, kuchuchumaa na kufukia. Akikosa, anaingiza miguu ya mbele tu na sehemu ya nyuma inabaki ukingoni, mkojo unaishia sakafuni. Wengi humwona mtundu na kumgombeza, kumbe hana pa kusimama. Ukiwa na mtoto wa Maine Coon, nunua sanduku la paka mzima tangu mapema, kwa sababu aina hii huendelea kukua hadi miaka 3 au hata 5. Hakikisha tu kwamba pa kuingilia anapafikia.

Kuta zinahitaji sentimita 25 hadi 30 pande tatu. Madume wakubwa wana tabia ya kuanza kukojoa wakiwa wamechuchumaa na kumaliza wakiwa karibu wamesimama, na mkojo unapiga ukuta juu kuliko unavyotarajia. Pa kuingilia pawe na kimo cha sentimita 12 hadi 15, na pungufu ya hapo kwa paka mzee au mwenye maumivu ya nyonga, ugonjwa unaojulikana sana kwa Maine Coon.

Kuhusu masanduku yenye paa, angalia jambo moja kabla ya kutoa pesa: kiungio. Kama paa linakaa kwa nje ya sehemu ya chini, mkojo uliopiga ukuta utateremka hadi kwenye kiungio na kutokea nje, ukikusanyika chini ya sanduku usikouona. Utasafisha mchanga kila siku na nyumba itaendelea kunuka. Paa linalofaa ni lile ambalo ukingo wake unaingia kwa ndani, ili tone lolote lirudi kwenye mchanga. Hata hivyo paa huifungia amonia ndani, na anayeivuta ni paka. Mimi ningechagua sanduku la wazi lenye kuta ndefu.

Sanduku bora kwa bei nafuu ni lile la plastiki la kuhifadhia nguo au blanketi, la lita 80 hadi 100. Chagua plastiki inayopinda kidogo ukiibonyeza, yenye namba 5 ndani ya pembetatu chini yake. Ile ngumu inayong'aa kama kioo hupasuka ukiikata. Chora mlango wa upana wa sentimita 25 upande mmoja mfupi, toboa tundu la milimita 10 kwa keekee kwenye kila kona ya chini ya mchoro, kisha kata kwa msumeno wa chuma kutoka juu hadi kwenye matundu. Matundu hayo ya mviringo ndiyo yanayozuia ufa usitambae kutoka kwenye kona. Malizia kwa msasa mpaka ukingo usikwaruze mkono. Kwa mwenye uwezo, karai la chuma cha pua lenye kimo cha kutosha hudumu zaidi, kwa kuwa kucha haziachi mikwaruzo mirefu na chuma hakinyonyi harufu.

Mchanga, na kina chake

Hapa ndipo unaposhinda au kushindwa vita, na kosa kubwa ni ubahili wa kina.

Udongo wa bentonaiti, ule unaoganda, huvimba ukipata maji na kuufunga mkojo ndani ya donge. Kwa paka mkubwa weka sentimita 7 hadi 8. Sanduku lenye sakafu ya sentimita 68 kwa 40 linameza karibu lita 19, yaani kama mifuko miwili ya kilo 10. Gharama ya kuanza inauma, lakini baada ya hapo unajaziliza tu. Ukiweka sentimita 3, mkojo unagonga sakafu na kuganda kama plasta. Utaubandua kwa nguvu, utakwaruza plastiki, na kila mkwaruzo utakuwa makazi ya bakteria. Chora mstari wa wino usiofutika ndani ya ukuta kwenye sentimita 7, ili yeyote anayesafisha aone mchanga umeshuka kiasi gani.

Donge jipya usiliguse. Liache dakika 15 likauke, la sivyo linavunjika na vipande vyake vinapita kwenye matundu ya kijiko na kubaki. Vipande hivyo vidogo ndiyo sababu mchanga unaonekana safi lakini unanuka. Usitumie mchanga unaoganda kwa vitoto vya chini ya miezi mitatu, kwa kuwa huula.

Peleti za mbao hufanya kazi kinyume: mkojo ukizigusa zinasambaratika kuwa unga. Hapa sentimita 2 na nusu zinatosha, kama kilo 4 na nusu kwa sanduku hilohilo, kwa sababu zinavimba kama mara tatu. Unga utolewe kila siku, kwa chekeche au kwa trei yenye sakafu mbili. Ni nyepesi, na hazitimui vumbi kama udongo, ila baadhi ya paka wazito huona peleti zinawachoma nyayo na huzikataa. Maranda ya bure kutoka karakana ya seremala ni jambo lingine kabisa. Yanang'ang'ania manyoya marefu, na huwezi kujua kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa. Yaache.

Chembe za silika hunyonya vizuri sana mahali pakavu. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa yenyewe inazijaza unyevu kabla paka hajazitumia, kwa hiyo mfuko ulioandikwa mwezi mmoja hautafika huko. Nairobi au Arusha zinajitahidi zaidi. Zikoroge kila siku, na zikigeuka manjano zote, zimwage.

Mchanga wa ujenzi haunyonyi kitu. Mkojo unapita katikati ya chembe na kutuama chini. Kama ndio pekee unaopatikana, weka tabaka jembamba la sentimita 4 na umwage wote kila siku. Wa pwani ni mbaya zaidi, kwani chumvi yake huvuta unyevu.

Neno kuhusu majivu, kwa sababu ni ushauri unaozunguka sana. Majivu ya kuni na mkaa ni alikali, na alikali huigeuza amonia iliyoyeyuka kwenye mkojo kuwa gesi. Ukiyamwaga juu ya mkojo unauharakisha ule uvundo unaoukimbia. Magadi ni vivyo hivyo. Soda ya kuokea ni hafifu zaidi na inapunguza kiasi harufu ya kinyesi, lakini kwa amonia haina msaada wa maana.

Kusafisha

Toa madonge na kinyesi asubuhi na jioni. Mara moja kwa siku inatosha paka mdogo, kwa mkubwa haitoshi. Kila unapotoa, jaziliza hadi kwenye mstari. Bentonaiti ibadilishwe yote kila wiki tatu au nne, na kwenye joto la pwani kila wiki mbili. Hata kwa paka mmoja weka masanduku mawili katika vyumba tofauti, na kwa paka wawili matatu. Wapo paka wanaokojoa kwenye moja na kujisaidia haja kubwa kwenye lingine, na ukiwapa moja tu wanatafuta la pili wenyewe, mara nyingi kitandani.

Siku ya kubadilisha, osha kwa maji ya moto yasiyochemka na sabuni ya vyombo. Ukiona ukoko wa manjano au mweupe pembeni, hayo ni madini ya mkojo, na sabuni haiyatoi. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha nusu saa, kisha sugua kwa sponji laini, kamwe si kwa chuma cha kusugulia masufuria. Suuza, anika juani hadi kikauke kabisa, ndipo ujaze. Sanduku lenye unyevu litaigandisha bentonaiti mpya chini kabla paka hajaingia.

Jiki isikaribie mkojo. Klorini yake ikikutana na amonia hutoa gesi inayounguza mapafu, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini yenyewe. Vilevile epuka dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini. Nyingi zina viambato vya fenoli au mafuta ya msonobari, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuviondoa mwilini. Anavikanyaga, kisha analamba nyayo.

Plastiki ibadilishwe kila mwaka. Ukitaka kujua kama imefika mwisho, ioshe, ianike, kisha inuse ikiwa tupu. Ikinuka, haitapona.

Weka choo mahali penye hewa inayopita, mbali na chakula chake na mbali na mashine ya kufulia, ambayo ikianza kunguruma akiwa ndani anaweza asirudi tena. Bafuni panafaa kama maji ya kuoga hayarukii mchanga. Piga magoti mara moja moja unuse pale paka anapoweka kichwa, kama sentimita 30 kutoka chini. Pua yako ikichomwa hapo, yeye anaumia kila anapoingia.

Kama unafanya yote haya na harufu bado ni kali, uliza kama dume limehasiwa. Mkojo wa dume lisilohasiwa una felinini nyingi, asidi ya amino ambayo ikivunjika huzaa harufu ya salfa, na hakuna mchanga unaoifunika. Kuhasi hupunguza felinini hiyo pamoja na tabia ya kurushia mkojo ukutani.

Taka zifungwe kwenye mfuko na kutupwa na takataka nyingine. Bentonaiti huvimba ndani ya bomba na kuliziba, na kinyesi cha paka hakifai kwa bustani ya mboga. Mjamzito amwachie mwingine kazi hii, au avae glavu na kunawa. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huchukua siku moja hadi tano tangu kinyesi kitoke kabla ya kuweza kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokilaza.

Unapotoa madonge, yahesabu na uangalie ukubwa wake. Yakiongezeka ghafla na kuwa makubwa, mpeleke akapimwe figo na sukari. Dume likiingia na kutoka, likijikamua na kulia bila donge lolote, huenda njia ya mkojo imeziba. Hali hiyo inaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.