Vigae vya Udongo: Hesabu Mbao Kabla ya Kigae

Kigae kimoja cha paa nilichochagua kilikuwa na kilo mbili na nusu. Nilikipima mwenyewe kwenye mzani wa muuza unga, hapa Rau, Moshi, kwa sababu fundi wangu, mzee kutoka Kibosho aliyepaua nyumba tangu ujana wake, alikataa kuniandikia orodha ya mbao hadi nimletee uzito. "Mama," aliniambia, "bati nalijua, silipimi. Kigae kila tanuri na chake." Wakati ule niliona ananichelewesha. Sasa hivi kila masika ikianza namshukuru.

Hesabu aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule, kabla ya plasta. Boma langu ni mita 12 kwa 10. Paa likitoka nje sentimita 60 kila upande, unapata mita za mraba 148 ukilitazama kama kivuli chake chini. Lakini paa la vigae lazima lisimame, maji yateremke upesi yasirudi chini ya maungio. Langu limeinuka nyuzi 30, na mwinuko huo unazifanya 148 kuwa 171. Mita moja ya mraba ilikula vigae 15. Hiyo ni vigae 2,565, na ukiweka vya kuvunjika, 2,700. Kwa hiyo juu ya vichwa vya wanangu nilikuwa napandisha zaidi ya tani 6, tena vikiwa vikavu. Bati la geji 28 kwenye nyumba ileile lisingefika hata tani moja.

Baada ya hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jirani yangu, aliyeulizia bei ya kigae kimoja dukani na kuizidisha kwa idadi, aliishiwa fedha katikati.

Kwenye bati, fundi anaweza kupanga kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kila mita moja na kitu, na papi, mbao nyembamba zinazolazwa juu yake, akaziachanisha karibu sentimita 90. Kwenye vigae vyangu kenchi zilikaa kila sentimita 60, na papi kila sentimita 32, kwa kuwa kila mstari wa vigae unaning'inia kwenye papi yake. Piga hesabu: urefu wa papi peke yake ulizidi mita 530, wakati bati lingehitaji kama 190. Halafu kuna nailoni nzito chini ya papi, ya kudaka maji yanayopulizwa na upepo, na misumari ya kuchosha mkono.

Nilikuwa na daftari, na kila risiti niliiingiza. Katika kila shilingi 100 nilizotumia kuanzia lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwenda juu, vigae vyenyewe vilikula 38. Mbao 34. Ufundi 15, usafiri na kupakua 8, zilizobaki zikaishia kwenye kofia za kilele, mabati ya mabonde ya paa, nailoni na misumari. Bei zitakuwa zimebadilika unaposoma, lakini sidhani kama uwiano umebadilika sana. Ukiambiwa bei ya kigae, jua umeambiwa chini ya nusu ya habari.

Na mbao ziwe kavu. Hili nalisema kwa msisitizo. Mbao za saipresi na paini zinazotoka kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai ni nzuri, lakini mara nyingi zinafika mjini zikiwa bado mbichi, na ubao mbichi ukibebeshwa mzigo unakauka ukiwa umepinda. Bati linavumilia kupinda. Kigae kinaachia mwanya. Mimi nilinunua mbao miezi minne mapema, zikawekwa dawa, nikazipanga kivulini juu ya matofali na vijiti katikati ili hewa ipite. Watu walidhani nimeishiwa.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Nilinunua vigae 1,800 kwanza, nikasubiri mshahara wa miezi kadhaa, nikarudi kwa muuzaji yuleyule kuchukua vilivyobaki. Kwa macho vilikuwa sawa. Fundi alipofika mstari wa kumi na kitu, vikaanza kukataa kuumana. Udongo wa mkupuo wa pili ulisinyaa zaidi kwenye tanuri, na kigae kilikuwa kimepungua milimita chache tu. Milimita hizo ukizijumlisha kwenye urefu wa paa, mstari mzima unakwenda upande. Tulishusha vigae karibu 300 kwa siku mbili, na mzee akapanga upya, kila mkupuo ukae peke yake bila kuchanganywa na mwingine. Siku hizo mbili nilizilipia mimi. Muuzaji hakutaka kusikia. Kwa hiyo kama huna fedha za vigae vyote kwa wakati mmoja, usianze kununua. Weka akiba hadi zitimie, uchukue vyote kutoka mkupuo mmoja.

Ukiwa kwa muuzaji, kigonge kigae kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva kinalia kama chungu kizuri, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Omba vitatu ukalale navyo. Vipime vikiwa vikavu, vizamishe majini usiku kucha, vipime tena asubuhi. Kilichokunywa maji mengi hakikuiva vizuri, na huku kwetu kwenye ukungu wa mlimani kitaota kuvu na kumeguka taratibu. Na kigae kizuri kinadumu kweli. Wamisionari wa Basel walijenga kiwanda cha vigae Mangalore, India, mwaka 1865, na vigae vya umbo lile vilivuka bahari hadi Afrika Mashariki. Vingi vimewazidi umri waliovipanga.

Je, thamani ipo? Kwangu ipo, na naijua zaidi mwezi wa pili, jua la Moshi linapowaka. Mji uko chini ya mita 1,000, joto si mchezo, na chumba chini ya kigae saa nane mchana kinakalika. Mvua ikinyesha mama yangu, ambaye masikio yamechoka, anaongea na wajukuu bila kupaza sauti. Lakini mdogo wangu anayejenga Arusha, Moshono, nilimshauri bati. Kule ni karibu mita 1,400, baridi ndiyo inayomsumbua. Isitoshe, maji ya visima vingi vya upande ule yana floraidi nyingi, yale yanayobadilisha meno ya watoto, kwa hiyo anataka kuvuna kila tone la mvua kwa ajili ya kunywa. Bati linamwaga hata manyunyu ndani ya gata. Kigae kikavu kinakunywa kwanza, ndipo kinakupa.

Usiweke vigae kwa kutegemea kuuza nyumba kwa faida. Mnunuzi anauliza kiwanja, hati, maji na barabara. Kigae anakisifia tu. Na kama unachopenda ni sura, yapo mabati yenye chenga za mawe yaliyokunjwa mfano wa vigae. Ni mepesi, na kwa boma lililokwisha jengwa kwa ajili ya paa lililolala, hayo ndiyo ningekushauri. Uamuzi wa kigae cha udongo unafanywa wakati wa ramani, kabla ya msingi, ili lenta ipewe nondo za kutosha na kuta za ndani zipangwe kubeba.

Kwenye mabonde, pale mapaa mawili yanapokutana, simama mwenyewe. Kwangu bati la bonde lilikatwa jembamba, na masika ya kwanza maji yaliingia chumba cha watoto. Tulilibadilisha kwa pana zaidi, lenye kingo zilizokunjwa juu pande zote mbili, na halijavuja tena.

Vigae 90 vilivyobaki nimevipanga wima nyuma ya stoo, nimevifunika. Mwaka jana nilitumia 11. Mparachichi wa jirani umeinamia kwetu, na parachichi likidondoka kutoka juu linatoboa kigae kama nyundo. Tumekubaliana naye matawi yakatwe kila mwisho wa msimu, mimi nalipa mkataji, yeye anachukua kuni.