Uliza Mwalimu: Moyo wa Chopin na makaburi ya Ifunda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilikwenda msibani Ifunda, mjomba akanionyesha makaburi ya Wapolandi waliokaa pale enzi za Vita vya Pili. Nilipomsimulia mwanangu wa kidato cha tatu, akaniambia mwanamuziki wao mkubwa, Chopin, kazikwa mwili nchi moja na moyo nchi nyingine. Ni kweli? Na waandishi wao wengine wamelala wapi? – Mama, Mafinga

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao kasikia sawasawa. Frédéric Chopin alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, na mwili wake uko huko huko, katika makaburi ya Père Lachaise. Moyo uko Warsaw, ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu.

Aliondoka kwao mwaka 1830 akiwa kijana wa miaka 20. Muda mfupi baadaye Wapolandi wakainuka dhidi ya Warusi, wakashindwa, naye hakukanyaga tena nyumbani. Alipokaribia kufa aliomba moyo wake urudishwe. Dada yake Ludwika ndiye aliyeubeba, ukiwa ndani ya mtungi wa kioo wenye pombe kali, akaupitisha mipakani kimyakimya. Juu ya nguzo ile wameandika maneno ya Mathayo 6:21, ambayo wewe na mimi tunayajua tangu mafundisho ya kipaimara: hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Mwaka 1944, Warsaw ilipokuwa inateketea, Wajerumani waliuchukua. Ukarudishwa kwenye nguzo yake tarehe 17 Oktoba 1945, siku ileile aliyofariki.

Kwa nini wahangaike hivyo? Mama, kuanzia 1795 hadi 1918 nchi ya Polandi haikuwemo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria walikuwa wamegawana. Waandishi wao wengi walikimbilia ughaibuni na kufia huko, na ndiyo maana kila Wapolandi walipopata nafasi walikwenda kuwachukua. Adam Mickiewicz, mshairi wanayemweka juu ya wote, alifia Istanbul mwaka 1855. Akazikwa Montmorency, karibu na Paris, hadi mwaka 1890 alipohamishiwa Kraków, katika kanisa kuu la Wawel wanakolala wafalme. Fikiria mshairi analazwa na wafalme, wakati nchi yenyewe bado iko chini ya wageni! Juliusz Słowacki alimfuata pale mwaka 1927.

Anayenigusa kuliko wote ni Cyprian Norwid. Alifariki mwaka 1883 katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza huko Paris, na mifupa yake ikaishia katika kaburi la pamoja Montmorency. Haikuwezekana tena kumtenga na wenzake. Mwaka 2001 wakachota udongo wa kaburi lile na kuupeleka Wawel.

Henryk Sienkiewicz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, anatuhusu kidogo: mwaka 1891 alifika Zanzibar na Bagamoyo. Alifariki Uswisi mwaka 1916, akarudishwa Warsaw mwaka 1924. Mshairi Wisława Szymborska yuko makaburi ya Rakowicki, Kraków, alikozikwa pia mchoraji Jan Matejko. Joseph Conrad hakurudi. Yuko Canterbury, Uingereza. Bruno Schulz alipigwa risasi na Mjerumani mtaani Drohobycz, mji ambao leo uko Ukraine, mwaka 1942, na kaburi lake halijulikani.

Sisi wa Iringa hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1898, likadaiwa hadi katika Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, na likakabidhiwa kwa mjukuu wake Adam Sapi mwaka 1954. Liko Kalenga. Mpeleke mwanao akalione, kisha mrudie habari ya Chopin. Ataielewa vizuri zaidi.

Sasa wale wa Ifunda. Wasovieti waliwang'oa makwao mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walionusurika walitokea Iran, Waingereza wakawaleta Tanganyika: Tengeru, Kondoa, Morogoro, Ifunda, na Kidugala kule Njombe. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Waliofia huku hakuna aliyekuja kuwachukua, na kwangu mimi kaburi la mama aliyefia Ifunda lina uzito uleule wa kaburi la Wawel.

Ukienda tena, chukua daftari. Mwombe mjomba akupeleke kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, kisha nakili majina na miaka, herufi kwa herufi, pamoja na vialama vyake: L yenye mkato katikati ni herufi nyingine kabisa, ukiiacha jina linakuwa la mtu mwingine. Usisugue saruji kwa brashi ya waya, inakula maandishi. Maji na kitambaa vinatosha. Ukimaliza nitumie nakala hapa gazetini, nami nitazichapa.