Ubishi wa Vim na Emacs umetugombanisha

SWALI: Shikamoo mzee. Vijana tunaoandika programu tunakutana Mwanga kila mwisho wa mwezi, kila mtu na laptopu yake. Mara ya mwisho ubishi wa Vim na Emacs, programu mbili za kuandikia na kuhariri faili, ulikula jioni nzima, na wawili hadi leo hawasemezani. Tuupige marufuku?
– Msomaji, Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba. Msiupige marufuku, mtahamia Simba na Yanga, na huko ndiko watu hununiana kweli.

Ubishi huo umewazidi umri nyote. Vi, mama yake Vim, aliiandika Bill Joy kule Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1976. Mwaka huohuo Richard Stallman na wenzake wakaanza Emacs kwenye chuo kingine cha hukohuko Marekani, MIT. Watu hubishania vidole, wakasahau laini ya mawasiliano iliyowaunganisha na kompyuta. Joy alikuwa akitumia modemu ya baud 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Kwa laini ya hivyo amri lazima iwe fupi: x inafuta herufi, dd inaondoa mstari mzima. Wenzake wa MIT walikaa maabara, laini inakimbia, hawakuwa na haja ya kubana. Na hizo h, j, k, l mnazosogezea kishale kwenye Vim? Terminali ya Joy (skrini na kibodi ya kuongea na kompyuta), ADM-3A, ilichorwa mishale juu ya vitufe hivyohivyo. Esc yake, kitufe cha kuacha kuandika na kurudi kwenye amri, ilikaa ilipo Tab leo, jirani kabisa na kidole.

Sasa wewe uliyewahi kuhariri faili la seva ya mbali kwa mtandao wa simu, unabonyeza herufi halafu unaisubiri itokee, utaniambia uko upande gani. Mimi ni wa Vim, sifichi. (Ila kwa kupanga kazi na kumbukumbu, Org mode ya Emacs sijaiona mshindani.) Tena Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, aliigawa bure, akaomba anayeipenda awachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Andikeni :help uganda ndani ya Vim mjionee.

Mkikutana tena, waiteni hao wawili mbele. Wapeni faili moja chafu, tuseme orodha ya bei za dagaa na migebuka, tarehe zimeandikwa kila mtu kivyake, kila mmoja aisafishe kwenye projekta mkimwangalia. Anayeanza hotuba anyang'anywe kibodi. Wageni waanzishieni Nano, programu nyepesi ya kuhariri. Siku ya kwanza msimtese mtoto wa watu kutafuta :q!, amri ya kutokea kwenye Vim.