Pima unga, usipime ugali: jibu kwa dada wa Makambako

Dada umeuliza hivi: una kilo 86, miezi miwili unarekodi kila mlo kwenye app, inakuonesha kalori 1,400 kwa siku na uzito haujasogea hata kilo moja, ndo unauliza kama mwili umegoma. Nimesoma majibu ya waliotangulia, wengi wanasema acha ugali, mwingine kakwambia unywe ndimu na tangawizi kila asubuhi. Mi nakujibu kama mtu niliyepita hapo hapo. Niko Mbeya, nilianza na kilo 88, baada ya miezi 11 nikawa na 74, na ugali nimekula karibu kila siku. Mwili wako haujagoma dada, tatizo ni hiyo 1,400, hiyo namba sio ya chakula chako.

Hebu fungua app uandike ugali. Mi iliniletea majibu zaidi ya matano kila moja na kalori zake, na inawezekana yote ni ya kweli kwa aliyeyaweka, maana ugali ni unga na maji, maji hayana kalori, kwa hiyo ugali laini wa mwenzako na ule mgumu wa kwenu ukipima gramu 100 haviwezi kulingana hata siku moja. Ila unga mkavu haubadiliki. Gramu 100 za unga wa mahindi ni kalori kama 360, sembe na dona hapo hazipishani sana, dona inashinda kwa nyuzinyuzi na inakushikilia tumbo mpaka jioni.

Siku niliyonunua mizani ya jikoni pale Mwanjelwa nilipima kwanza sufuria tupu, nikaandika uzito wake kwa maka peni kwenye mkono wa mwiko ili nisisahau. Nikapima unga gramu 600 wa watu wanne, nikasonga kama siku zote, ulipoiva nikarudisha sufuria juu ya mizani nikatoa uzito wa sufuria, ukabaki ugali gramu 1,700. Unga gramu 600 ni kalori 2,160, kwa hiyo kila gramu 100 za ugali ule zilikuwa kalori 127. Halafu nikakata kipande changu cha kawaida, kile ambacho kwenye app nilikuwa najaza "kipande kimoja" inanipa 200 na kitu, nikakiweka kwenye sahani juu ya mizani. Gramu 450. Yaani kalori 570, mboga bado. Nilikaa na ile sahani mkononi muda, maana nilikuwa nimejipunja kalori 300 na zaidi kwenye mlo mmoja kwa miezi yote ile nikidhani nina ugonjwa. Mchele ni hivyo hivyo, mkavu ni kama 360, ukiiva unashuka mpaka 130 hivi kwa gramu 100, ukikosea kuchagua mbichi au ulioiva umekosea karibu mara tatu. Kande pia, pima mahindi na maharage yakiwa makavu kabla hujayaloweka.

Na usijione wewe ni muongo, watu tunakosea hivi kila mahali. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Marekani wa watu waliokuwa wanalalamika kama wewe, wanakula kidogo na hawapungui, walipopimwa ikaonekana wanakula karibu mara mbili ya walichokuwa wanaandika, miili yao ilikuwa inaunguza vizuri tu.

Sasa mafuta, hapa ndo penyewe. Wanga na protini kila gramu ni kalori 4, mafuta 9, pombe 7 (kwa hiyo ulanzi nao unaingia kwenye hesabu), hizi namba zimetoka kwenye kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa miaka ya 1800 na mpaka leo ndo zinatumika kwenye lebo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti ni kalori 120, ukitembea kilomita 2 na uzito wako huo ndo unakaribia kukimaliza. Wewe umeandika "mchicha, sahani moja", lakini mchicha wa kuunga na mchicha chukuchuku ni vyakula viwili tofauti kabisa. Kama huwezi kupima kila ukipika fanya nilichofanya mimi, hesabu dumu. Lita 5 za mafuta ni kalori kama 41,400. Dumu langu lilikuwa linaisha siku 25, tupo wanne, gawa utaona ni kalori 414 kwa kila mtu kwa siku, na kwenye app nilikuwa sijaandika hata kijiko kimoja. Anayenunua mafuta ya kupima ajumlishe robo zake za wiki, inafika pale pale.

Sukari nilijua ni kidogo mpaka nilipopima kijiko changu cha chai kilichojaa kikaja gramu 7, vijiko vitatu kikombe, vikombe vitatu, maana baridi ya mwezi wa saba huku unaijua, hizo ni kalori 250 za kunywa tu. Parachichi halina shida, ni chakula kizuri mno na sisi Rungwe na Njombe tumejaliwa, ila gramu 100 ni kalori 160, lile kubwa lina nyama gramu 200 mpaka 250, ukilimaliza lote pembeni ya ugali umekula mlo wa pili. Nakula robo.

Lebo za dukani pia ziangalie vizuri. Bidhaa nyingi za Afrika Kusini zinazopitia Tunduma zinaandikwa kilojuli, sio kalori, niliwahi kuona siagi ya karanga imeandikwa 2,500 nikairudisha haraka, kumbe ni kilojuli, ukigawa kwa 4.184 ni kalori 598 kwa gramu 100. Kwenye biskuti nako soma kama namba ni ya gramu 100 au ya vipande viwili, pakiti nzima ni hesabu nyingine.

Kuhusu lengo, mi nilitumia fomula ya Mifflin-St Jeor ya 1990, inakadiria kalori ambazo mwili unatumia kwa siku ukiwa umepumzika tu, kwa mwanamke ni uzito wa kilo mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Nikiwa na kilo 88, sentimita 162, miaka 39, ilitoka 1,536, nikazidisha kwa 1.375 maana nasimama dukani na kutembea kidogo, ikaja 2,113, nikapunguza nikaweka 1,650. Nilipofika 74 nikarudia hesabu ikawa kama 1,900, mwili mdogo unatumia kidogo, ndo maana watu wanakwama katikati wakaona wamelogwa. Usishuke chini ya 1,200 ukiwa peke yako, na kama una mimba, unanyonyesha au unatumia dawa za kisukari ongea na daktari kwanza, hapo nakuomba sana.

Mizani ya mwili panda asubuhi kabla ya chai, chukua wastani wa wiki. Nilitoka kwenye send-off nikakuta kilo 1.4 zimeongezeka usiku mmoja, ile ni chumvi na maji, kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori kama 7,700, huwezi kuila kwenye sherehe moja.

Kuna jambo la watoto na hili nalisema kwa uzito. Utafiti wa afya wa 2022 umeiweka Iringa, Njombe na Rukwa juu kabisa kwa udumavu, mikoa yenye chakula kingi hivi. Kwa hiyo ukipunguza mafuta kwenye sufuria usiwapunguzie watoto wa sufuria ile ile. Mi napika chukuchuku, nikishapakua cha kwangu naongeza mafuta au karanga za kusaga kwenye sahani zao. Dumu sasa linaenda siku 40.

Mwanzoni kupakua peke yangu kulileta maneno, tulizoea sinia moja. Tulivyoenda Tukuyu mama mkwe alipika ndizi na nyama, kaweka sahani mbele yangu kwa mikono miwili, ningetoa mizani pale ingekuwa nimemvunjia heshima. Nikala, nikashukuru, "ndaga fijo mama", siku ile kwenye daftari nikaandika Tukuyu bila namba, kesho yake nikaendelea. Siku moja haijawahi kunirudisha nyuma.

Kama unataka namba za vyakula vyetu, achana na walizojaza watu kwenye app, kuna majedwali ya vyakula vya Tanzania yalitoka 2008, yaliandaliwa na MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard cha Marekani, yapo mtandaoni bure.

Anza na dumu dada. Leo ukifungua jipya andika tarehe pembeni kwa maka peni, likiisha rudi hapa utuambie ni siku ngapi na mpo wangapi nyumbani, hesabu tutaipiga pamoja.